Mbavu Mbili za Dokta Mhando

Hapo zamani, na zamani yenyewe haijaota hata ndevu, shilingi milioni moja na laki mbili zilikuwa ndani ya bahasha juu ya meza ya mwalimu, na wanafunzi watatu walikuwa wakizigombania bila haya.

"Wewe ulipiga kelele tu!" msichana mmoja, jina lake Sikujua, alimwambia mwenzake Lupakisyo. "Kama kelele ingekuwa inafufua watu, kwa vilio vya misibani mwetu asingezikwa mtu."

"Na wewe ulikuja na ndoo ya maji. Sema basi! Ulitaka kumwogesha?"

Kokubelwa alicheka, kicheko kisicho na furaha. "Gombaneni, wenzangu. Nyie mnaitwa mashujaa. Mimi naitwa kamati ya nidhamu."

Ngojeni niwarudishe nyuma, msije mkaamua kwa sura za watu.

Watatu hao walisomea afya na elimu ya viungo katika chuo kikuu cha umma, kikubwa hasa: kutoka uwanjani hadi zahanati ni kilomita nzima. Darasa lao lilikuwa na watu mia nne na kumi. Sanamu ya kujifunzia namna ya kumwokoa mtu ambaye moyo wake umesimama ilikuwa moja. Moja! Kila mwanafunzi aliikandamiza kifua nusu dakika kwa muhula, akasaini, akampisha mwenzake. Miaka ikapita, springi ya ndani ikafa. Ukiigusa kwa vidole tu, kifua kinabonyea kama godoro la gesti. Mwalimu anaona. Mwalimu anaandika, "Amefaulu."

Sikujua hakuifikia hata hiyo sanamu mbovu. Alikuwa hajamaliza ada, na Dokta Mhando, mwalimu wao, alimfuta kwenye orodha ya mahudhurio mbele ya wote.

"Asiyelipa hapimwi. Toka."

Akatoka. Akasimama nje ya dirisha, akasikiliza somo mpaka mwisho. Kisha akaenda gereji ya jirani, akaomba gurudumu kuukuu la gari, akalilaza chini, akalikandamiza kwa mikono miwili, thelathini, kisha thelathini tena, kila siku, mpaka viganja vikaota sugu. Nani alimfundisha? Dirisha na gurudumu.

Ikaja siku ya mbio za dakika kumi na mbili. Dokta Mhando, filimbi shingoni, akaamua kukimbia na vijana awaonyeshe mfano. Mzunguko wa tano akaanguka kifudifudi, puu! Sikujua, kwa kuwa hapimwi, alikuwa amesimama kando ya mstari. Akawa wa kwanza kumfikia, na ndoo ya maji mkononi. Alidhani ni jua.

"Usimwagie!" Lupakisyo alifika akihema. Huyu alikuwa amesoma kitabu jalada hadi jalada. Akamgeuza Dokta chali, akaweka shavu lake puani pa Dokta. "Hapumui. Huu ni moyo, si jua. Koku, kimbia zahanati, lete mashine ya kushtua moyo!"

Akapiga magoti, akaanza kukandamiza kifua. Lakini alikikandamiza jinsi ile sanamu mbovu ilivyomzoesha, polepole, kama mgeni anayebonyeza kengele mlangoni kwa mkwewe.

Sikujua akamsukuma kwa bega. "Ondoka hapo! Unampapasa!"

Akakandamiza kama gurudumu. Ubavu ukalia, ko! Wanafunzi wakapiga yowe. Wa pili nao, ko! "Unamuua, we dada!" Mikono ya Sikujua ikasita.

"Usiache!" Lupakisyo akapaza sauti. "Kitabuni imo, mbavu huvunjika! Endelea! Ishirini na tisa, thelathini!"

Akaendelea.

Kokubelwa alikuwa mkimbiaji, na siku hiyo alikimbia kuliko siku zote. Akaikuta mashine ndani ya kabati la kioo. Kabati limefungwa. Mwenye ufunguo yuko semina. Nesi anasema, "Subiri kibali." Kibali! Mtu anakufa, kibali! Kokubelwa akavunja kioo kwa kiwiko, akarudi uwanjani damu ikimchuruzika. Mashine ikashtua mara moja, kimya. Mara ya pili, Dokta akavuta pumzi.

Dada yake Dokta, Bi Msimu, muuza vitenge, alikuwa ameweka nadhiri kando ya kitanda cha mgonjwa: mtu aliyemrudishia ndugu yake pumzi atamlipia ada ya mwaka mzima. Ndiyo ile bahasha. Dokta alipopata nafuu ya kurudi ofisini, siku ya kuitoa bahasha ilikuwa Ijumaa. Jumatatu ni mtihani, Lupakisyo na Kokubelwa nao wamebakiza ada ya muhula wa mwisho, na asiyelipa haingii, na asiyeingia ndiyo basi tena, chuo amekiaga.

"Si wagawane, Bi Msimu?" Dokta aliuliza, mkono kifuani.

"Nadhiri si mkate, Mhando. Nilitamka mtu mmoja. Wajieleze."

"Mimi niliutambua ugonjwa," alisema Lupakisyo. "Bila mimi mngemwogesha mpaka kaburini."

"Mimi nilileta mashine," alisema Kokubelwa. "Bila mimi mngehesabu thelathini mpaka leo. Na kioo wananidai mimi."

"Mimi nilikuwa moyo wake," alisema Sikujua, "mpaka wake uliporudi."

Dokta Mhando akafungua orodha. Naam, ile ile! Akaipitia kwa kidole.

"Kokubelwa ana kesi ya nidhamu. Sikujua siku ile hakuwemo humu, kwa hiyo hakuwa mwanafunzi. Asiye na doa ni Lupakisyo."

Lupakisyo akatazama viatu vyake.

Sikujua akasogea mpaka mezani.

"Dokta, vuta pumzi. Kwa nguvu."

Dokta akavuta. Uso ukamkunjamana, akajishika ubavuni.

"Panauma?"

"Panauma."

"Hapo ndipo niliposaini mahudhurio. Mara mbili. Rudisha jina langu."

Bi Msimu akaiokota bahasha, akanyoosha mkono, na mkono ukabaki hewani.

Umebaki hewani hadi hivi ninavyosema nanyi. Msiniambie wagawane, nadhiri mmeisikia. Msiniambie Mungu atawalipa, Jumatatu haimsubiri mtu. Mmoja alijua, mmoja alikimbia, mmoja alikandamiza. Haya, semeni: Bi Msimu amkabidhi nani?