Kikohozi cha Jivuni

"Penye moshi kikohozi si habari." Methali hiyo mmeisikia leo kwa jirani, mkauliza imetoka wapi. Kaeni basi. Chanzo chake ni hiki.

Palikuwa na mtaa ukiitwa Jivuni, chini ya dampo. Takataka za mji mzima zilichomwa pale, na upepo ukauleta moshi vyumbani. Mwenye uwezo alipanga Kilimani. Asiye nao alipanga Jivuni, watu sita chumba kimoja, maana moshi ulishusha kodi. Wote walikohoa. Ilifika mahali mtu hapigi hodi. Ukimsikia akikohoa uani, unajua ni nani.

Hapo aliishi Bi Mwanamkasi na mumewe Shomvi, mshona viatu, pamoja na watoto wao. Mwaka wa yale maradhi ya mapafu yaliyofunga shule, asubuhi moja Bi Mwanamkasi, macho bado kayafumba, alisikia kikohozi kikavu, kifupi, asichokijua. Akadhani kaingia mgeni. Kumbe ni mumewe.

Akamkokota hadi zahanati. Muuguzi akawauliza kwa mbali, "Mnatoka wapi?"

"Jivuni, mwanangu."

"Lo! Nyie si mlizaliwa mkikohoa? Mpe maji ya uvuguvugu, mama. Vitanda ni vya wagonjwa."

"Miaka ishirini na mbili nalala ubavuni mwa kikohozi chake. Hiki si chake."

"Kwani kikohozi kina sura?"

Foleni nzima ikacheka. Shomvi naye akacheka, pumzi ikamwishia, akashika ukuta. "Twende, mke wangu. Tusiwachoshe watu."

Redio ilisema mgonjwa atengewe chumba chake. Chumba gani? Shomvi akatandika mkeka nje, asiwaambukize watoto, na huko nje ndiko kwenye moshi wenyewe. Siku ya tatu, adhuhuri, akafariki. Mungu amrehemu.

Kesho yake akaja bwana afya na watu wa kupuliza dawa, na yule muuguzi nyuma yao.

"Mama, mtu anaumwa siku zote hizi, mbona hukusema?" bwana afya akafoka.

Bi Mwanamkasi hakuwa na nguvu za kugombana. Alimtazama muuguzi, muuguzi akatazama chini.

"Nilisema, baba. Lakini penye moshi kikohozi si habari."

Wakapuliza dawa yao, wakaenda zao. Dampo likaendelea kuwaka.

Basi, wajukuu zangu, mkimsikia mtu wa dhiki analia, msiseme huyo kazoea. Muulizeni leo kinamuuma nini. Wengi hawaulizi, maana penye moshi kikohozi si habari.