Abiria Aliyejisahau

Kaeni, wapendwa, kaeni mpumue. Kwaya wametuchosha kwa raha leo. Na ninyi wa viti vya nyuma, sogeeni mbele kidogo. Mfano huu ni mfupi lakini una meno, na nisingependa uwakose.

Kulikuwa na mama mmoja kule Muheza, fundi cherehani, mama wa nyumba iliyojaa. Mume yupo, watoto wanne wapo, na mama mkwe yupo pia, bibi mwenye ulimi wa pilipili kichaa. Sasa bibi huyo akaugua, ugonjwa ule wa kulala na kugeuzwa. Nani alimgeuza? Mkwe wake. Nani alimlisha uji kijiko kwa kijiko, huku akisemwa kwamba uji umeungua? Mkwe wake huyo huyo. Bwana akatenda, bibi akainuka. Siku aliyotoka chumbani kwa miguu yake hadi barazani, nyumba ilijaa vigelegele. Watoto wake wa mjini wakasema: mama yetu tangu usichana wake anatamani kupanda ile meli kubwa nyeupe inayotembeza watu visiwani. Basi apande, na nyumba nzima impeleke. Sisi tutachanga.

Kazi ya kupanga safari ikamwangukia nani? Mnajua wenyewe.

Mama akaenda Tanga mjini kwa wakala wa safari. Akamkuta kijana mmoja amejifunga tai, amekaa mbele ya kompyuta.

"Meli inaondokea Mombasa, mama," kijana akasema. "Inapita Unguja, inakwenda mpaka Shelisheli, inarudi. Mnataka vyumba vya ndani au vyenye dirisha?"

"Vya ndani havina dirisha?"

"Havina."

"Basi mama mkwe wangu mpe chenye dirisha. Akikosa pa kuchungulia atanichungulia mimi. Na mume wangu usimweke karibu na injini, halali penye kelele, isipokuwa za kwake mwenyewe. Kitinda mimba wangu hali samaki, sijui itakuwaje huko baharini."

"Chakula kipo cha kila aina, mama. Kila mtu anajichukulia anachopenda."

"Na vyombo anaosha nani?"

"Wapo wenyewe wa kuosha."

"Hata jioni?"

"Hata jioni, mama."

Mama alikuwa hajawahi kusikia habari njema kiasi hicho nje ya kanisa. Akajiona amekaa kwenye kiti, miguu kainyoosha, mbele yake bahari tupu, na hakuna anayemuuliza chumvi iko wapi. Alikitaka kiti kile. Sikilizeni, alikitaka kwa moyo wake wote.

"Haya," kijana akasema, "mko wangapi?"

Sasa tazameni anavyohesabu. Alifumba macho akahesabu kama anavyohesabu kila jioni akiwa jikoni na upawa mkononi: sahani ya bibi, sahani ya baba, ya mkubwa, ya wa pili, ya wa tatu, ya kitinda mimba. Akafumbua macho.

"Sita," akasema.

Kijana akaandika sita. Akataka pasipoti za hao sita, zikaja sita. Vitanda vikalipiwa sita. Akina baba naona mnacheka. Akina mama, mbona ninyi hamcheki?

Mama akarudi nyumbani na furaha tele. Akashona nguo mpya za kila mtu, na gauni moja lake mwenyewe, la maua ya njano, la kukalia kwenye kile kiti. Akachemsha tangawizi ya kuzuia kichefuchefu. Mtaa mzima ukajua anakwenda Shelisheli. Siku ikafika, wakapanda basi, wakavuka mpaka pale Horohoro, wakaingia Mombasa. Na meli ile pale! Ghorofa juu ya ghorofa, nyeupe, taa kila dirisha. Watoto walipiga kelele. Hata baba, mtu wa maneno machache, alisema "Lo!" mara mbili.

Dada wa bandarini, amevaa sare, akaita familia yao, akampa mama kadi za kupandia. Mama akazigawa kama anavyogawa kila kitu. Hii ya Bibi. Hii yako, baba watoto. Shika yako wewe, usiipoteze. Akagawa mpaka mikono ikawa mitupu.

"Samahani dada," akasema, "bado yangu."

"Familia yenu ni sita, mama. Zote nimekupa."

Akawatazama mmoja mmoja, midomo ikihesabu. Kisha akaelewa. Wapendwa, mwangalieni mama huyu. Amesimama ndani ya gauni la maua ya njano, meli iko hatua chache mbele yake, na aliyemwacha nje ni yeye mwenyewe. Alitaka kulia, na alikuwa na haki ya kulia. Lakini hakulia. Mnajua alifanya nini? Alitabasamu.

"Ah, bora hivyo," akasema. "Hata kuku sikuwaachia mtu wa maana. Nendeni, msije mkaachwa. Mimi nitarudi na basi. Baba watoto, dawa za Mama ziko mfuko wa pembeni."

Na wale wenye kadi je? Baba kashika yake, mdomo wazi. Watoto jicho moja kwa mama, jicho moja kwa meli. Mkubwa akauliza, "Mama, kweli utakuwa sawa?" Swali gani hilo! Watu sita wamebeba pasipoti sita, wamelishwa na mtu wa saba miaka yote, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza: mama, wewe utalala wapi?

Nimesema hakuna hata mmoja? Nimekosea. Yupo mmoja.

Mama aliinama kumfunga bibi mtandio asipigwe na upepo, ndipo bibi akamkamata kifundo cha mkono.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani, Mama. Nimekosea hesabu."

"Hesabu yako naijua tangu ulipoolewa," bibi akasema. "Ulipotugawia vitanda kule nyumbani, mezani kwa chakula, nilikuona. Nikajua huna kitanda. Nikasema, nikimwambia huyu, atasema yeye atabaki na kuku. Na sasa hivi umesema nini?"

Bibi akamgeukia dada wa bandarini. "Binti, acha kutazama familia. Tazama walioandikwa peke yao."

Dada akatafuta. Akapata. Akasoma jina kwa sauti, na lilikuwa jina la mama huyo alilopewa na baba yake, jina ambalo watu walishaacha kuliita tangu alipozaa mtoto wa kwanza. "Chumba cha juu," akasema, "chenye roshani. Kimeshalipiwa chote."

Bibi yule, wapendwa! Bibi aliyekuwa hafiki chooni bila kushikwa, alikuwa amekodi teksi mpaka Tanga, pasipoti ya mkwe wake ameificha kifuani. Akamwambia kijana wa tai, "Umeuza safari ya familia bila mama wa familia, huoni haya?" Akawapigia simu watoto wake wa mjini: ongezeni mchango, la sivyo mimi sipandi. Wakaongeza mbio mbio.

Ndipo mama akalia. Alilia kwa sauti, pale pale bandarini, bila aibu. Akafuta machozi, akainama kunyanyua mabegi.

"Weka chini!" bibi akafoka. "Hawa wana mikono. Chumba chako ni cha peke yako. Akikugongea mtu anauliza soksi zake ziko wapi, usifungue!"

Akapanda. Wa kwanza! Mikono mitupu, kichwa juu, gauni la njano likipepea. Nyuma yake mume na mabegi, watoto na mabegi, na nyuma yao bibi kwa miguu yake mwenyewe, anapiga vigelegele mpaka wapagazi wakamwitikia. Meli ikapiga honi kana kwamba ilikuwa ikimngoja yeye tu.

Haleluya? Amina. Sasa tuzungumze sisi.

Wengi wetu humu tunahesabu kwa upawa. Tunawaombea wote, tunawapangia wote mbingu, vyumba na madirisha, lakini tukiambiwa kwamba na sisi tunapendwa, tunasema, "Ah, nendeni tu, mimi nitabaki na kuku." Na tunauita unyenyekevu. Ndugu zangu, huo si unyenyekevu. Huko ni kumwambia mwenye meli kwamba amekosea hesabu! Yeye hakukuhesabu kwa sahani ulizopakua. Alikuita kwa jina, akakulipia, kabla hujajua kwamba umejisahau. Panda! Ukibaki bandarini, hakuna unayemsaidia, hata kuku.

Na sisi tulioshika kadi mkononi, tumtazame anayetugawia. Yake iko wapi? Tusimwachie bibi wa miaka themanini peke yake kazi ya kuuliza.

Leo tukitoka hapa kuna chakula uwani. Naisikia harufu ya pilau, na ninajua ni nani waliokosa nusu ya mahubiri haya wakilipika. Mtu akawaite waje wakae hapa mbele. Wazee wa kanisa, vueni makoti. Leo mnapakua ninyi.