Amina ya Msibani

Palikuwa na Sultani mmoja, jina lake Badiri, aliyependa kuhutubia kuliko kula. Mtoto akizaliwa, atahutubia. Kisima kikichimbwa, atahutubia. Na hotuba zenyewe hakuziandaa hata kidogo, maana alikwishaamua kwamba ulimi wa Sultani haukosei.

Siku moja alikuwa na shughuli mbili, msiba asubuhi na harusi jioni. Zikamchanganya. Akasimama barazani kwa Mzee Faki, aliyefiwa na mama mkwe, akamshika mkono, akanguruma: "Hongera sana, Faki! Mola akujaalie jambo kama hili kila mwaka, na usiache kutualika!"

Mzee Faki, kwa mazoea ya dua, akaitikia: "Amina!"

Wanaume wakainamisha vichwa, wakauma midomo. Lakini uani, walikokaa wanawake, kikapasuka kicheko kimoja ambacho mji mzima ulikijua. Kilikuwa cha Bi Mize, mjane muuza mihogo ya kukaanga, mwanamke ambaye mdomo wake haujapata kuwa na mlango.

Sultani akatoa amri mbili. Atakayeyarudia maneno yale, akatwe ulimi. Na aliyeyacheka au atakayeyacheka, ahamishwe mji na kibanda chake kivunjwe. Siku ya pili Bi Mize akaitwa barazani kwa Sultani. Msidhani hakuogopa. Kibanda kile ndicho kilicholisha wajukuu zake, na pengine pa kwenda hakuwa napo. Akajifunga kanga barabara, akaenda.

"Mize binti Shaame," akaanza Kadhi, "umeshitakiwa kwa kucheka."

"Kucheka tu? Basi mji utahama wote, Kadhi."

"Ulicheka maneno ya Mtukufu!"

"Maneno gani?"

Kadhi akafungua mdomo. Akaukumbuka ulimi wake. Akaufunga.

"Unayajua mwenyewe."

"Najua mengi, baba. Mtukufu kasema mengi tangu atawazwe. Nitajie hayo ninayoshitakiwa nayo, nami nijibu."

Kadhi akamtazama Waziri. Waziri akajitosa. "Mtukufu alimwambia Mzee Faki..." Hapo akamwona askari mlangoni ananoa kisu. "Alimwambia jambo zuri sana."

"Alhamdulillahi! Basi nilicheka kwa furaha. Jambo zuri si hufurahiwa?"

"Halikuwa zuri!" Kadhi akamaka.

"He! Kadhi, wasema Mtukufu alitamka baya?"

Kadhi akatoka jasho, akaanza kutafuta tasbihi yake ilhali ameishika mkononi. Sultani, ambaye subira hakuzaliwa nayo, akaruka kitini.

"Watu wazima mnashindwa na muuza mihogo! Maneno yenyewe si haya? Nilisema, 'Hongera sana, Faki! Mola akujaalie jambo kama hili kila mwaka, na usiache kutualika!'"

"Amina!" akaitikia Mzee Faki, aliyeletwa kutoa ushahidi.

Lo! Baraza zima likavunjika mbavu. Waziri akajishika tumbo. Kadhi alicheka hata kilemba kikamdondoka. Askari akaangusha kisu. Bi Mize peke yake alisimama kimya, pindo la kanga kaliuma kwa meno, machozi yanamlengalenga.

"Kimya!" Sultani akafoka, na kicheko kikakatika. "Na wewe, Mize, mbona leo hucheki?"

"Naogopa amri zako, Mtukufu." Akainama, akakiokota kisu, akamkabidhi askari kwa adabu zote. "Ila naona leo zimevunjwa zote mbili. Sasa tuanze na ipi? Tulihamishe baraza kwanza, au tuanze na aliyeyarudia maneno?"