Jina la Mtoto wa Kocha

Sogeeni mnisaidie, maana kisa hiki kimenivuruga kichwa.

Kuna nchi ndogo huko Afrika Magharibi, kwenye ramani kidole kimoja kinaifunika yote. Timu yake ya taifa ilikuwa na vijana watatu. Nfamara, kipa, alijua kusoma macho ya mpigaji. Yankuba, mshambuliaji, alikuwa na mguu wa kushoto uliowanyima mabeki usingizi. Saihou, wa akiba, hakuwa na kipaji cha kusimuliwa, ila alikuwa na moyo wa kutoa. Tangu aitwe timuni alikuwa hajaingia uwanjani hata mara moja.

Asubuhi ya mechi ya kufuzu, mke wa kocha Sarjo alijifungua mtoto wa kiume. Kwa furaha kocha akaropoka mbele ya wote kwamba atakayewapa ushindi, mtoto ataitwa jina lake. Na kwao hilo si dogo: unayeitwa kwa jina lake ni mzazi wako wa pili maisha yote.

Dakika ya themanini, bado sare, wapinzani wakapata penalti. Nfamara akamtazama mpigaji machoni, akaruka kulia, akaupangua mpira. Kidole kilivunjika, akamaliza mechi hivyo hivyo.

Muda mfupi baadaye njumu ya Yankuba ikabanduka soli, na kila mchezaji alikuja na jozi moja tu. Saihou alikuwa ameshasimama mstarini kuingia, mama yake yuko jukwaani. Akavua zake, akampa, akarudi benchi pekupeku.

Dakika ya tisini Yankuba akawapita mabeki watatu, akafunga.

Siku ya nane, ambayo kwao ndiyo ya kumpa mtoto jina, mtoto akanyolewa, imamu akamwinamia sikioni, akangoja jina. Nfamara alisema wazi kuwa anastahili, tena hajajaliwa mtoto. Yankuba akasema goli halijifungi lenyewe.

"Mimi sikucheza, kocha," alisema Saihou, akatazama miguu yake.

Kocha akamgeukia mkewe amwokoe.

"Ahadi uliitoa wewe, mume wangu. Mimi nimechoka kumwita 'huyu'."

Msiniambie ampe majina yote matatu. Kwao sikio hupewa jina moja. Jana nilikuwa upande wa Nfamara, leo nimehamia kwa Saihou, na bila Yankuba ushindi siuoni. Imamu bado ameinama, mgongo unamuuma. Je, ungekuwa wewe kocha, ungemwambia anong'one jina la nani?