Mwali wa Nyumba ya Kuchi

Zamani hizo, wajukuu zangu, ndege walipokuwa na nyumba zao na majirani wa kuwasema, aliishi jogoo mmoja aitwaye Kuchi. Alikuwa mrefu, shingo nene, kucha kama misumari. Mkewe aliitwa Kishungi, kuku mdogo ambaye hata akiruka hafikii bega la mumewe. Mdogo, ndiyo, lakini macho alikuwa nayo.

Kuchi alijivunia jambo moja kuliko yote: nyumbani kwake hakuna anayeugua. Kila asubuhi aliwapanga vifaranga wake uani, vifua mbele, ili jirani yake Bata Mzinga aone na aumie roho. Kanga, tabibu wa kijiji, alikatazwa kabisa kukanyaga pale. Tabibu akionekana mlangoni, majirani watasema nini? Basi watoto nao wakajifunza kuficha maumivu.

Mvua zikanyesha, pumba zilizotandikwa chumbani mwa vifaranga zikalowa. Asubuhi moja Kishungi akatazama mstari, akaona wote wazima. Lakini hakuwa mjinga wa kumwamini mtoto anayejua anatazamwa. Akajibanza nyuma ya mtungi.

Baba mtu alipogeuka tu, binti yao Mwanamvua akajikunyata. Mabawa yakashuka, manyoya yakatutumka, macho yakafumba. Wenzake walikimbilia mchwa, yeye hakuinua mguu. Na pale aliposimama, kinyesi kilikuwa na damu.

Kishungi akaogopa sana. Aliujua ugonjwa ule. Ukianza kwa mmoja unawafuata wote, maana wanakanyaga palepale na kula palepale, na mtoto akicheleweshwa anakufa.

Akamwambia mumewe wazi kwamba mtoto anaumwa. Kuchi akavimba. Akasema mtoto wake ana usingizi tu, na kesho atasimama mbele ya mstari.

Kupigana na Kuchi, Kishungi hawezi. Akaenda zake, akarudi na sauti nyingine kabisa.

"Baba Mwanamvua, nasikia Mzinga anaweka mwali ndani."

"Mwali? Watoto wake wale wa juzi?"

"Nyumba zenye jina siku hizi zinawahi. Lakini si kitu, acha atutangulie."

"Amtangulie nani?" Kuchi akasimamisha manyoya ya shingo. "Mwanamvua anaingia ndani leo hii."

Mnamwona mwanamke huyo? Akainamisha kichwa kama mke mtiifu, akaeleza kwamba mwali wa nyumba kubwa hakai na wenzake. Anapewa chumba chake, kikavu, chenye joto, na chombo chake cha maji. Na kwa kuwa wageni watakuja, pumba zote za nyumba zitolewe zikatupwe mbali, ziletwe kavu, na vyombo visuguliwe kila siku. Kuchi akafukua mwenyewe kwa kucha zake zile, paru paru paru, mpaka jasho likamtoka.

Kisha akauliza kungwi ni nani. Mkewe akamtaja Kanga.

"Si yule tabibu?"

"Akija kumtibu mgonjwa ni tabibu. Akija kumfunda mwali ni kungwi."

Kuchi akakubali, ila apite mlango wa nyuma. Kanga akaja na mkoba wake. Akachanganya dawa kwenye maji ya mwali, kisha kwenye maji ya ndugu zake, akisema ndiyo desturi. Mwanamvua alilala macho yamefumba, hataki chakula, na mama yake akakaa naye akimdondoshea maji mdomoni, tone kwa tone. Mpaka asubuhi moja sauti ikasikika chumbani, chwi chwi chwi, mtu anadai kula. Kishungi akalia kwa furaha.

Siku ya kumtoa mwali, vigelegele vilijaa uani. Bata Mzinga akaja peke yake, shingo imemlegea. Kuchi akamuuliza kwa majivuno mwali wake anatoka lini.

"Mwali gani, ndugu yangu? Watoto wangu wamelala, mabawa chini. Nawaambia wasimame wima, hawasimami."

Kuchi akageuka kumtazama mkewe. Kishungi angeweza kunyamaza, na majivuno ya mumewe yangebaki salama. Lakini watoto wa Mzinga wangekufa. Akasogea mbele.

"Shemeji, na wetu alikuwa mgonjwa. Sikumweka mwali, nilimtenga ili apone na asiwaambukize wenzake. Kanga alikuja kumtibu."

Kuchi akaparua ardhi kwa hasira. Akamtazama Mwanamvua, aliyekuwa amemkimbiza panzi mpaka miguuni mwa wageni. Akawatazama wengine nyuma yake, wote wapo, hakupungua hata mmoja. Hasira ikamtoka.

Akarukia juu ya paa, akawika kijiji kizima kikasikia:

"Nyumbani kwangu mtoto aliugua, na mke wangu ndiye aliyemwona! Kanga, twende kwa Mzinga. Na kesho ukirudi kwangu, pita mlango wa mbele."

Basi wajukuu zangu, fahari ya nyumba si kukosa mgonjwa, ni kumwona mapema na kumtibu bila kumficha.