Kompyuta ya Kahaso

Nyoka aingiapo nyumbani, hauawi kwa fimbo iliyowekwa kwa jirani. Kahaso aliijua kweli hiyo tangu kidato cha pili, macho yake yalipofifia hadi maandishi ya ubaoni yakawa kama moshi.

Shule yake, pale Muyeye, ilikuwa imepewa kompyuta isomayo maandishi kwa sauti. Mwalimu mkuu, Bwana Rashad, aliienzi kama dhahabu. Aliifungia kabatini ofisini mwake, isiibwe wala isiingie vumbi. Kahaso aliruhusiwa kuitumia Ijumaa tu, baada ya masomo. Siku nyingine alitegemea minong'ono ya Zeina, aliyeketi naye, na mara nyingi wote wawili walikemewa kwa kupiga soga. Matokeo ya muhula yalipotoka, Kahaso alikuwa ameshika mkia.

Mamaye, Sidi, akaacha palizi, akaitikia wito wa shule.

"Tumefikiri sana, mama," alisema Bwana Rashad kwa upole. "Afadhali binti ahamie shule ya wasioona. Ni mbali, lakini huko kuna vifaa."

Kahaso alijikaza kisabuni.

"Samahani, mwalimu. Kifaa hapa kipo. Ila wakati wa somo mimi niko darasani, nacho kiko kabatini."

"Kikivunjika je, mwanangu? Hatutapata kingine."

"Jembe huvunjikia shambani, mwalimu," Sidi akadakia. "Lakini likikaa darini, sisi hulala njaa."

Bwana Rashad aliinuka, akalifungua kabati. Kisha akawaita walimu wote, akamtaka Kahaso aeleze mwenyewe anachohitaji. Wakapanga: dawati lake lisogezwe karibu na umeme, kila mwalimu atie somo lake kwenye kompyuta kabla ya kipindi, na Zeina amweleze michoro bila kukemewa.

Siku ya kwanza kompyuta ilibwata katikati ya somo la historia, darasa zima likaangua kicheko. Kahaso naye akacheka. Kesho yake Mwalimu Ndirangu, wa somo hilo, akamletea vipokea sauti vya kuvaa masikioni.

Muhula ulipokwisha, Kahaso hakuwa wa kwanza, lakini alikuwa amewapita wengi. Bwana Rashad alimpa Sidi mkono.

"Atasomea papa hapa," alisema.

Sidi alipiga kigelegele hadi wanafunzi wakachungulia madirishani. Hakika, fimbo ya mbali haiui nyoka.