Kichochoro cha Magengeni

Mtu mmoja alikuwa na mama na nyumba kubwa, na vitu hivyo viwili havikuweza kukaa pamoja. Jina lake Eliakimu. Nyumba aliijenga kule kwenye viwanja vipya, mbali na mji, mahali ambapo barabara zimechorwa kwenye ramani lakini hazijachongwa, na kila mtu ana ukuta, geti na mbwa. Baba yake alipofariki, akamchukua mama yake, Nakundwa, kutoka milimani Upareni, kwa sababu hakutaka apulize moto peke yake uzeeni. Alimpa chumba chenye choo ndani. Akamwekea televisheni, akamtafutia na msichana wa kazi wa kumchemshia uji. Na katika raha yote hiyo, mama akaanza kunyamaza.

Msinitazame hivyo, mnajua ninachosema. Mwanamke aliyezoea kufagia uwanja huku nusu ya kijiji inapita na kumwamkia, umweke mahali ambapo Jumatatu hadi Jumatatu, mwana na mkewe wakishinda kazini, hakuna anayempa shikamoo ila msichana wa kazi, atafanyaje? Chakula akawa anakionja tu, kisha anasukuma sahani. Eliakimu akamzungusha kwa madaktari, wakampima kila kitu, wakasema mama yako haumwi. Siku hiyo aliporudi naye alisimamisha gari nje ya geti lake mwenyewe akalia, mwanamume mzima na ndevu zake. Aliona mama anamponyoka, na hakujua amshike wapi. Ndipo alipoamua kuihama ile nyumba kubwa, akatafute nyumba Magengeni.

Magengeni ni mji mdogo wa zamani, pembezoni mwa jiji. Nitawaeleza nilivyopajua mimi, maana nilipanga chumba pale nilipokuwa kijana, na mpaka leo nikipita karibu roho inanivuta nishuke. Nyumba zake za kawaida tu, mabati yamepauka, kuta zina nyufa. Lakini ukitoka mlangoni soko hili hapa, zahanati ile pale. Kengele ya shule unaisikia ukiwa bado kitandani, na kanisa na msikiti vinatazamana bila kununiana. Maji yalitoka. Miti ya mikungu ilikuwa imeshakua mpaka matawi yamekutana juu ya barabara, ukitembea saa saba mchana hujui jua liko wapi. Ukikosa chumvi jioni, huvai hata viatu, unapaza sauti tu na chumvi inakuja na mtoto wa mtu. Jamani! Hatukuwa na kitu, na sikumbuki siku hata moja niliyokuwa mpweke pale.

Ndiyo maana watu wenye uwezo wao, ambao wangeweza kujenga ghorofa popote, wanagombania vijumba vya Magengeni. Dalali aliyemtembeza Eliakimu alikuwa na mdomo kama wote wa kazi yake, lakini siku hiyo alisema kweli. "Bosi," alisema, "hapa hununui nyumba. Nyumba hata mimi naiona imechoka. Hapa unanunua ukaribu. Kila kitu kipo mlangoni." Eliakimu akacheka, akanunua. Hakuuliza ule ukaribu ulitoka wapi. Hakuna anayeuliza. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Sisi tukiona vyaelea tunapanda tu.

Haya, uliundwa hivi. Watu wa kwanza kuhamia Magengeni, walipokuwa wanapima viwanja kwa kamba, walikubaliana neno moja. Kila mmoja atarudisha uzio wake ndani kwa hatua moja, na jirani yake naye atarudisha hatua moja, ili katikati pabaki njia ya mguu. Hakuna ofisa aliyewaamuru. Kila mmoja alikata kwenye chake. Hapo kikazaliwa kichochoro. Kilianzia sokoni, kikapita nyuma ya majiko na mbele ya vibaraza, kikaukata mji wote mpaka zahanati. Mama mwenye mtoto wa homa hakuwa na haja ya kuzunguka barabara kuu kwenye malori. Mzee wa magongo alifika sokoni na kurudi kabla chai haijapoa.

Na njia hiyo ilikuwa na sharti. Anayepita mbele ya kibaraza cha watu lazima awaamkie waliokaa. Hiyo ndiyo kodi yake, hapakuwa na nyingine. Ukipita kimya, uwe na haraka gani sijui, sauti inakufuata: "We kijana! Hapa umeona magunia?" Basi unarudi, unaamkia, unaulizwa habari za kwenu, ndipo unaruhusiwa kwenda zako. Tulikuwa tunalalamika tukichelewa kazini. Leo ningetoa chochote niitwe tena namna ile.

Sasa, nyumba aliyoinunua Eliakimu, kichochoro kilipita mbele ya kibaraza chake hasa. Siku ya kwanza mama aliwekewa kiti pale nje wakati vyombo vinashushwa. Akatokea Bi Sikujua, muuza vitumbua, beseni kichwani. "Wenyewe hapa! Shikamoo mama. Karibuni Magengeni."

"Marahaba, mwanangu," mama akasema. "Ahsante. Umeamkaje?"

Eliakimu alikuwa amebeba godoro. Akaliweka chini. Kwa miezi mingi alikuwa hajamsikia mama yake akimuuliza mtu swali. Nyuma ya Bi Sikujua wakaja wanafunzi, shikamoo bibi, shikamoo bibi, marahaba wajukuu zangu, halafu fundi seremala, halafu mjamzito anayekwenda kliniki. Kufika mchana mama sauti imemkauka kwa kuitikia, na akaomba ugali. Aliumaliza.

Baada ya hapo mama alikuwa mwenyeji kuliko mwanawe. Alijua nani ana homa na binti wa nani anachumbiwa. Alimkemea mtoto aliyepita bila kufunga vifungo, akamfungia mwenyewe. Eliakimu akirudi kazini anapokewa na habari hata kabla hajavua viatu, na mama akizisimulia anacheka mpaka anashika ubavu. Kama mtu angemuuliza Eliakimu wakati ule amenunua nini, angejibu vizuri.

Lakini mtu husahau alichonunua. Eliakimu aliitengeneza nyumba ikapendeza. Akaweka vigae kibarazani, mkewe akapanda maua. Sasa mvua ikinyesha, watu wanapita na tope lao. Mbuzi wa mtu alikula maua. Hayo angeyavumilia. Lililomchoma ni mgeni wake wa kazini aliyekuja Jumapili moja kula chakula, akakaa kibarazani, akaona watu wanapita wanaamkia, wanapita wanaamkia, akasema, "Kumbe kwako ni barabarani? Na mama mnamweka nje na kila mpita njia?" Alisema huku anacheka. Eliakimu naye akacheka, lakini aibu ilimwingia na haikutoka. Lo, aibu! Sijui kitu kingine kinachowaharibu watu wazuri upesi namna ile.

Akaita mafundi. Akajenga ukuta. Na sikilizeni vizuri hapa: alikuwa na haki. Hatua ile iliyoachwa na wa kwanza ilikuwa ndani ya kiwanja chake, hakuiba ya mtu. Tena alijenga kwa mapenzi. Alimwinamia mama yake akamwambia, "Mama, sasa utapumzika, hutasumbuliwa tena." Mama akautazama ukuta. Akasema, "Haya, baba."

Kesho yake Bi Sikujua alikuja na beseni lake, akaikuta saruji mbichi. Hakugombana. Aligeuka, akazunguka barabarani. Jirani wa pili, Mwinjuma, naye hakugombana. Aliona kichochoro sasa kinaishia ukutani, akafikiri, njia isiyofika popote ya nini? Akajenga banda la kuku juu yake. Aliyefuata akahamishia choo hapo. Mwingine akafungua duka. Kichochoro ni cha namna hiyo, ukikiziba mahali pamoja umekiziba chote. Haukupita muda mrefu, mwenye mtoto wa homa akawa anazunguka kwenye malori, na mzee wa magongo akaacha kabisa kwenda sokoni. Soko lilikuwa palepale na zahanati palepale, hakuna aliyevisogeza, na bado kila kitu kilikuwa mbali.

Na mama akarudi kunyamaza. Akaketi kwenye vigae vyake visafi, mbele ya ukuta wake msafi.

Asubuhi moja Eliakimu na mkewe walikuwa kazini, na msichana amekwenda sokoni, safari ambayo sasa ilikuwa ndefu. Mama akainuka kuchukua maji, vigae vikamtelezesha. Akaanguka, nyonga ikavunjika. Akaita. Zamani asingemaliza neno kabla mtu hajafika. Hata asingeita, Bi Sikujua angemwona tu. Lakini pale nyuma ya ukuta hapakuwa na mtu wa kusikia, ila kuku wa Mwinjuma. Akalala chini juu ya vile vigae mpaka msichana aliporudi.

Alipona kwa maana ya kwamba hakufa. Kutembea hakutembea tena. Eliakimu alipiga magoti kando ya kitanda chake, akalia kama alivyolia siku ile kwenye gari. "Mama, nikupeleke wapi? Taja mahali popote, nitakununulia."

Mama akamshika kichwa. "Eliakimu, baba, usininunulie tena. Wewe fungua tu watu wapite."

Siku hiyohiyo alishika nyundo mwenyewe, hakuita fundi. Ukuta ukaanguka. Akambeba mama, akamketisha kibarazani, akamfunika khanga miguuni, wakangoja. Hakuna aliyepita. Angepita nani, na mbele pana banda la kuku? Akamwendea Mwinjuma, akamwomba, jirani, turudishe njia. Mwinjuma si mtu mbaya. Akasema kwa upole, "Ndugu yangu, hata mimi nilikuwa napita hapo. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba hatua ile ni yetu." Eliakimu akaenda kwa wa choo, akaenda kwa wa duka. Akafika mpaka nyumba za mwisho, akakuta zimeshauzwa kwa watu wapya, waliokuja Magengeni kwa sababu waliambiwa kila kitu kipo karibu. Wakamsikiliza kwa heshima, kisha wakamuuliza, "Njia gani?"

Akarudi nyumbani jioni. Mama alikuwa bado amekaa pale pale, uso umeelekea kwenye lile pengo. "Leo watu wamechelewa," akasema. Eliakimu aliingia ndani, akatokea mlango wa jikoni, akaizunguka nyumba kwa nyuma, akaja akipitia kwenye pengo, akasimama mbele ya kibaraza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Unatoka wapi?"

"Natoka sokoni."

"Wa huko hawajambo?"

"Hawajambo, mama. Wanakusalimu sana."

Akapita zake, akazunguka nyumba, akaja tena kama mtu mwingine, na mama akamwitikia kama mtu mwingine. Wanaowajua wanasema alifanya hivyo kila jioni mpaka Mungu alipomchukua mama. Tena wanasema mama alijua. Macho yalikuwa yamefifia, lakini mama gani asiyeitambua sauti ya mtoto aliyemzaa? Alijua, na kila mara alimuuliza habari za huko anakotoka, asije akajiona anazunguka bure.

Nanyi mnaotafuta kununua mahali palipotulia, penye kivuli kilichokwisha kukua na kila kitu mlangoni, sitawazuia, nendeni mkanunue. Ila mkishaingia na kufunga geti, niambieni, hapo patakuwa karibu na nani?